Nani Ataepua Halwa ya Idd

Jumatano, 16 Agosti 2006

Daktari wa Madras kaniambia ninunue daftari, kila siku niandike mapigo ya moyo asubuhi na jioni, na lolote nitakaloliona si la kawaida. Nimenunua hili lenye jalada jekundu. Asubuhi 78. Jioni 84. Lisilo la kawaida: kila kitu.

Nina miaka arubaini na tisa. Tangu nina kumi na tano nimefanya kazi moja tu, kupika halwa katika karai la shaba aliloliacha baba, hapa hapa Mkunazini, duka na jiko chini na sisi juu. Kwa miaka miwili moyo wangu ulikuwa ukipandwa na wazimu, unakwenda mbio saa nzima bila sababu, kisha unatulia na kuniacha nimelowa jasho. Ndugu zetu wa Maskati ndio walionipeleka hospitali ya Madras, Uhindini. Huko walipitisha nyaya kwenye mshipa wa kinena mpaka ndani ya moyo, wakaunguza vijisehemu vinavyoleta fujo. Ndiyo, waliunguza. Mimi niliyefundishwa kwa makofi kwamba dhambi kubwa jikoni ni kuunguza, nimesafiri bahari nzima ili watu waniunguze moyo.

Daktari amesema kovu la ndani litachukua miezi mitatu kupona. Nisinyanyue kizito. Nisikoroge karai. Nimeze dawa mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na usiku, bila kuruka hata moja. Kwa hiyo Ramadhani hii nisifunge. Niliitikia kwa kichwa kama mtoto wa chuoni. Miezi mitatu inaishia mwanzoni mwa Novemba, na Idd ni Oktoba.

Alkhamisi, 17 Agosti

Asubuhi 80. Wageni wa kuja kunipa pole hawaishi. Mke wangu, Nunu, kawaambia watu kwamba nilikwenda kupasuliwa ngiri. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Ukitaja moyo, watu watakusomea khitma ungali hai. Na kidonda si kipo huko huko?" Mdogo wangu Basil, anayekaa mbele dukani, kaunga mkono. Hapana mtu atakayeagiza halwa ya harusi kwa mpishi anayeweza kufa mwiko ukiwa mkononi.

Kwa hiyo leo Bi Ummkulthum wa nyumba ya pili aliniinamia sikioni.

"Shikamoo, Bi Ummkulthum."

"Marahaba, mwanangu. Ngiri si aibu. Marehemu mume wangu alikuwa nazo mbili, na watoto saba tukazaa."

Nunu alikimbilia jikoni kucheka. Mimi nilicheka pia, kisha moyo ukaruka pigo moja na kicheko kikanikauka.

Jumapili, 20 Agosti

76. 79. Ukiruka pigo ni kama kukanyaga ngazi isiyokuwepo.

Jumatano, 23 Agosti

Nalala juu, wao wanapika chini, na mimi nasikiliza. Halwa haina saa. Unga wa wanga, sukari na maji vinakorogwa zaidi ya saa mbili juu ya moto wa kuni, samli inaingia kidogo kidogo, kisha iliki, zafarani na lozi. Ukisimama kukoroga imeshika chini. Lakini kazi yenyewe iko robo saa ya mwisho, pale mwiko unapoanza kuwa mzito na sauti yake kwenye shaba inageuka. Ukiepua mapema, halwa inalia maji. Ukichelewa, inatafunika kama mpira. Baba alikuwa na sheria: karai haliepuliwi na mtu wa nje ya nyumba. Alimwachia mjomba, mjomba akaniachia mimi, na mimi namfundisha Basil, ambaye hafundishiki.

Tunaye pia Shaame, mtu wa Bwejuu. Yuko nasi mwaka wa kumi na tisa, anachochea moto na kukoroga mwanzo, mpaka ile robo saa ya mwisho. Hapo huniachia mwiko na kusimama ukutani. Hasemi sana. Nikiulizwa ana watoto wangapi, sijui.

Leo nimesikia sauti ya mwisho kutoka chini na imenipendeza. Mwiko ulikwenda polepole, hautetereki. Nimemwambia Nunu, "Basil kajifunza, alhamdulillahi." Nunu akainuka, akafunga dirisha.

Jumamosi, 9 Septemba

77. 82. Wiki mbili na zaidi sikuandika ila namba. Oda za Idd zimeanza kuingia.

Leo Basil alikuja juu, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Kaka, mwaka huu pumzika. Urudi baada ya Idd. Sisi tutapika."

"Sisi nani?"

"Mie na Shaame."

Nikamwambia anataka kuniondoa jikoni kwangu nikiwa na uhai wangu. Akasema simwelewi. Nikamwambia namwelewa sana, tangu utoto alikuwa mwepesi wa kukalia kiti changu. Akaondoka bila kunywa chai. Nunu akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lugha nzuri, ila koleo lenyewe ni mimi.

Ijumaa, 15 Septemba

Msikitini, rakaa ya pili, ulianza. Si pigo moja la kuruka, la, ulikwenda mbio kabisa kama zamani. Nilikwenda sijda na sikuweza kusema neno la sijda. Niliwaza tu kwamba watu watanikuta hapa, uso kwenye mkeka, na watasema amekufa kwa ngiri. Dakika tano hivi, kisha ukatulia.

Sikumwambia mtu. Nilirudi nyumbani ukutani ukutani, nikijisingizia natafuta kivuli. Daktari alinionya kwamba miezi mitatu ya kwanza moyo unaweza kufanya vituko, na kwamba hiyo haina maana kuwa kazi yake imeshindwa. Yuko Madras, ni rahisi kwake kusema. Mimi naona wameniunguza bure. Ikiwa sikupona, nitabaki nini? Mtu asiyeweza kushika mwiko wala kufunga, anayelishwa na mkewe juu huku jina lake linauzwa chini. Naandika hili kwa sababu siwezi kulisema: naogopa kufa, na naogopa zaidi kuishi hivi.

Jumapili, 24 Septemba. Ramadhani mosi

Nimefunga. Dawa ya asubuhi nimemeza wakati wa daku, ya usiku nitameza baada ya futari. Ya adhuhuri Mungu ataniangalia. Nunu hajui, kidonge cha adhuhuri nakizungusha kwenye karatasi na kukitia mfukoni.

Kesho nashuka jikoni. Nikiweza kufunga naweza kukoroga.

Jumanne, 26 Septemba

Sijashuka. 88. 91.

Ijumaa, 29 Septemba

90. Mvua ya kwanza ya vuli, manyunyu tu. Kuni za mkoko zimelowa. Moshi umepanda mpaka chumbani.

Jumatatu, 2 Oktoba

92. 96. Vidonge vya adhuhuri mfukoni: tisa.

Alkhamisi, 5 Oktoba

Jana sikuandika. Nitaandika leo, mkono ukikubali.

Jana baada ya adhuhuri Nunu alikwenda sokoni Mwanakwerekwe, nami nikashuka. Mvua ilikuwa imeshika, jiko zima moshi. Shaame alikuwa anakoroga, Basil anamenya lozi. Nilisema, "Lete." Shaame alinitazama. "Bwana Suud, karai limejaa leo." Nikasema lete mara ya pili, na sauti yangu ilikuwa ya baba. Akanipa.

Mwanzo, Mola anajua, nilifurahi. Mwiko ulinijua. Nilikoroga nikatia samli, nikakoroga nikatia samli. Nilijiona mjinga kwa wiki zote nilizolala nikijipima mkono. Kisha sauti ikaanza kugeuka, ile robo saa ya mwisho, na moyo ukaondoka.

Sijui nilinganishe na nini. Ulikwenda mpaka ukawa hauhesabiki, mtetemo tu chini ya shingo. Macho yakaingia giza pembeni. Akili yangu haikuniambia nitafute pa kukaa. Iliniambia usiachie, itashika chini. Oda ya mahari ya watu, ndoa ni baada ya Idd. Nilikuwa nakufa na nilikuwa naogopa halwa isiungue. Nikakoroga. Nadhani nilikuwa nalia.

Shaame alikuja kwa bega. Alinisukuma kama mtu anavyosukuma mlango, mwiko akaupokea haujasimama hata mzunguko mmoja, nami nikaanguka juu ya magunia ya wanga. Basil alileta maji. Nikafunga mdomo, nikatikisa kichwa, nimefunga. Shaame, bila kugeuka, mkono unakwenda, akasema, "Mnyweshe. Alokutaka ufunge ndiye aloumba maradhi."

Nikanywa. Na nikiwa pale chini nilimwona anamaliza. Hakuharakisha. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akaupunguza moto kwa mguu kwa kusukuma gogo nje, akazungusha tena mara nne, tano, kisha akasema, "Epua." Basil akashika upande mmoja, yeye upande wa pili. Na ile sauti nilikuwa naijua. Ndiyo niliyokuwa nikiisikia kutoka juu mwezi na nusu, nikimshukuru Mungu kwa ajili ya Basil.

Moyo ulikwenda vile kama saa moja na nusu. Nunu alivikuta vidonge mfukoni mwa kanzu, kumi na moja. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akavipanga kimoja kimoja juu ya mkeka, akalia.

Leo asubuhi tumempigia simu daktari. Alinikaripia kwa Kiingereza na kwa Kihindi. Anasema kazi yake haijashindwa, nilichokifanya ni kuacha dawa na kusimama mbele ya moto na tumbo tupu. Nirudi kwenye dawa, nisifunge, nisikoroge.

Jioni ile ile

Shaame alipanda juu kunijulia hali, mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa kupita ngazi yetu. Alisimama mlangoni na kikapu kidogo cha ukili, halwa ya jana. Badala ya kusema ahsante nilimwambia, "Nani kakuruhusu uepue karai la baba yangu?"

Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Mwenye kusoma asinitetee.

Akakiweka kikapu chini. "Hapana aloniruhusu, Bwana Suud." Akashuka.

Jumamosi, 7 Oktoba

79. 80. Nakula adhuhuri nyuma ya pazia, dirisha limefungwa. Nunu ananiletea uji na kutazama pembeni ili nisione haya. Mgonjwa haulizwi uji, lakini mimi naona haya mbele ya bakuli. Nikisikia hatua za Bi Ummkulthum kwenye ngazi, nasukuma bakuli chini ya kitanda.

Shaame hakuja kazini jana wala leo.

Jumatano, 11 Oktoba

78. Shaame kenda zake Bwejuu. Basil kaepua mwenyewe makarai mawili. La kwanza lilikuwa na harufu ya kuungua. La pili limelia maji, vikapu vimelowa, watu wawili wamerudisha. Mvua haikatiki.

Alkhamisi, 12 Oktoba

Basil kapanda juu, kakaa pale pale ukingoni mwa kitanda, macho mekundu kwa moshi. Anasema, "Kaka, mie sijui kupika halwa. Sikujua tangu zamani. Nilikwambia upumzike kwa sababu nilikuwa naye Shaame, na nilikuwa nakuogopea."

"Alikuwa anaepua yeye?"

"Mwanzo alikataa. Akasema mpaka Bwana Suud mwenyewe aruhusu. Bi Nunu ndiye alomwambia, akamuapia kwamba utakujaambiwa."

Nilimtazama Nunu. Alikuwa akikunja nguo iliyokwishakunjwa. "Ningekwambia," akasema. "Lakini ulivyofurahi siku ile ukidhani ni Basil, sikuweza."

Sikukasirika. Nilitafuta hasira nikaikosa, nikakuta aibu tu. Basil nilimwita mwizi wa kiti changu, na alikuwa mtoto anayeomba msaada.

Jumamosi, 14 Oktoba

Basil kaazima gari ya rafiki yake, tumekwenda Bwejuu. Nimemeza ya adhuhuri njiani, kwa maji, barabarani, watu wakiona.

Tulimkuta Shaame nyuma ya nyumba yake anapanga mawe ya ukuta wa shamba, moja juu ya moja, bila udongo. Kuna mjukuu wake anamwita babu. Mkewe anaitwa Mwatima, analima mwani, na watoto wao ni sita. Nimeyajua haya yote kwa robo saa ya kukaa.

Shaame amenizidi miaka sita. Katika miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa akinianza kwa salamu. Nilisimama mbele yake na nikasema, "Shikamoo."

Jiwe lilikuwa mkononi. Aliliweka mahali pake kwanza, akalitikisa kuona kama limekaa. Kisha akasema, "Marahaba."

Nikasema nilikosa. Nikasema sheria ya baba imekuwa sheria ya kijinga. Nikasema rudi, uepue wewe, Idd imebaki siku kumi. Alipangusa mikono kwa muda mrefu.

"Bwana Suud," akasema, "mie nnakuepulia miaka miwili sasa. Unakwenda kukaa kwenye gunia, unanambia, 'Shaame, shika kidogo, nnapumua.' Kidogo hicho ndiyo mwisho wake. Ukirudi, halwa ishakwisha, unasema 'epua', na mie naepua."

Nilitaka kusema si kweli. Lakini nilikumbuka gunia. Nilikumbuka jasho na vile nilivyokuwa nikijiambia ni dakika moja. Halwa ya harusi ya binti wa kadhi ambayo mji mzima uliisifu, siku ile nilikaa kwenye gunia. Ya Idd ya mwaka jana pia. Kumbe wakati naogopa kupoteza mkono wangu, mkono wenyewe ulishaondoka zamani na mtu mwengine ndiye aliyekuwa akiufichia aibu yake.

Nililia mbele ya mjukuu wake. Shaame aliniacha nilie. Kisha akasema, "Ntarudi. Lakini na wewe ushuke, ukae jikoni."

"Nikae nifanye nini? Sikorogi, sinyanyui."

"Mie nimefunga. Basil kafunga. Ramadhani yote twapika kwa kubahatisha, tangu zama za baba yako. Wewe ndiye usofunga. Uonje."

Basil akageuza uso. Mimi nilihisi joto masikioni. Ni kweli kwamba mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusisha ulimi na kutema, lakini baba hakukubali hata hilo, na halwa haijulikani kwa ncha ya ulimi. Utamu wake na kasoro yake vyote unavijua ikishapita kooni. Kwa hiyo halwa ya Idd, kubwa kuliko zote, ndiyo halwa pekee ya mwaka ambayo hapana mtu aliyepata kuionja kabla ya kuuzwa. Na Shaame ananitaka nikae mbele ya watu, mchana wa Ramadhani, nile.

Nikamwambia nitafikiri.

Jumanne, 17 Oktoba

Shaame karudi. Mimi sijashuka. Nimesimama juu ya ngazi mara tatu.

Jumamosi, 21 Oktoba

74. Moyo uliruka mara mbili asubuhi. Nilikaa nikauambia fanya utakalo.

Baada ya adhuhuri nikashuka. Walikuwepo Shaame, Basil, na Bi Ummkulthum aliyekuja kuulizia oda yake, kajiweka kwenye kiti changu. Mvua imepungua, kuni zinashika vizuri. Shaame alikuwa katika robo saa ya mwisho. Hakunigeukia. Alichota kwa ncha ya mwiko, akaweka kwenye kisahani, akanyoosha mkono nyuma.

"Bwana Suud, onja."

Bi Ummkulthum alinitazama, akakitazama kisahani, na nikaona uso wake unaanza kuuliza. Nilisema kabla hajafungua mdomo: "Bi Ummkulthum, sikupasuliwa ngiri. Mie mgonjwa wa moyo. Sifungi mwaka huu."

"Moyo?" akasema. "Na mie nshawahadithia mtaa mzima zile mbili za marehemu?"

Nikapuliza, nikatia mdomoni, nikatafuna, nikameza. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyopika tangu baba afe, na hilo liliniuma kifuani mahali pale pale walipopaunguza. Lakini kilikosekana kitu kimoja, na hapana aliyefunga ambaye angekijua.

"Iliki," nikasema. "Imepoa. Ya gunia la zamani. Ongeza kiganja."

Shaame akaongeza, akazungusha. Akaninyooshea kisahani tena.

"Bado kidogo," nikasema.

Mara ya tatu nilimwambia, "Epua." Lakini nilimwangalia yeye kwanza, na alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa.

Jumatatu, 23 Oktoba

Makarai manne tangu juzi. Nimeonja yote. 75.

Jumanne, 24 Oktoba. Idd mosi

Duka limejaa tangu watoke kusali. Shaame yuko kwao Bwejuu na watoto wake sita, nimempakilia vikapu vinane. Mimi nimekaa mbele na Basil, kanzu mpya, mikono juu ya meza kwa sababu haina kazi.

Mzee mmoja wa Malindi alimega pale pale, akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema kwa sauti, "mkono wa Suud umerudi."

Watu wakaitikia. Basil alinikanyaga mguu chini ya meza. Ingetosha kucheka na kusema Idd Mubarak. Nilihisi pigo moja likiruka, nikalisubiri lirudi, likarudi.

"Si mkono wangu," nikasema. "Wa Shaame, mtu wa Bwejuu. Na wa mwaka jana wake, na wa mwaka juzi wake."

Yule mzee aliangalia halwa kwenye vidole vyake, akaniangalia mimi.

"Sasa wewe, Suud, wafanya kazi gani?"

"Naonja," nikasema.